Anthony Allison: Mwana wa Gilgil aliyefichua siri za damu

MSAFIRI anayetoka katikati ya jiji la Nairobi kwa barabara ya Waiyaki, akaipita Westlands na kuelekea Kangemi, huiona kando ya njia shule kongwe yenye viwanja vipana. Leo inaitwa Nairobi School. Zamani ikiitwa Prince of Wales, na wakati huo wa ukoloni mtoto wa Mwafrika hakuweza kuketi katika madarasa yake.

Ni katika shule hiyo ya walowezi alikosoma kijana mmoja ambaye baadaye angetumia maisha yake yote kuthibitisha jambo ambalo wenye shule hiyo hawakulipa uzito: kwamba damu ya binadamu haifuati mipaka iliyochorwa na wanasiasa. Tofauti zake hutokana na mazingira, maradhi na urithi wa vizazi vingi, wala si na cheo cha mtu au rangi ya ngozi yake.

Kijana huyo aliitwa Anthony Clifford Allison. Wataalamu wa tiba kote duniani wanalifahamu jina lake, lakini wananchi wa Kenya, nchi iliyomlea na kumpa hazina yake ya elimu, ni wachache wanaolijua. Hata hivyo, kila mzazi anayemlea mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, na kila mgonjwa anayelala hospitalini huku damu ya mtu mwingine ikimdondokea mshipani, anahusika kwa namna moja au nyingine na kazi yake.

Utoto katika Bonde la Ufa

Allison alizaliwa Agosti 21, 1925 mjini East London, Afrika Kusini. Wazazi wake walihamia Kenya na kufanya ukulima karibu na Gilgil, mahali ambapo ardhi inateremka kuelekea Bonde la Ufa na maziwa yake yenye ndege wa kila aina. Hapo ndipo alipokulia, akijifunza kuwatambua ndege hao kabla ya kujifunza elimu ya vitabuni.

Si mbali na Gilgil kuna Kariandusi, mahali ambapo mwaka 1928 Louis Leakey aligundua zana za mawe zilizotumiwa na binadamu wa kale. Kazi ya Leakey ilimvutia sana Allison, ikamfanya ajiulize maswali kuhusu asili ya watu na sababu za jamii kutofautiana. Swali jingine lililetwa na mbu. Katika utoto wake Allison aliugua malaria, maradhi ambayo katika Afrika Mashariki ya siku hizo hayakubagua nyumba ya bwana wala ya mtwana.

Baada ya masomo ya Nairobi alikwenda Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kisha akaelekea Oxford, Uingereza, kusomea udaktari na utafiti. Wengi wa rika lake walikuwa wakitafuta njia ya kukaa Ulaya. Yeye alitafuta sababu ya kurudi.

Safari ya mwaka 1949

Sababu hiyo ilipatikana mwaka 1949. Chuo Kikuu cha Oxford kiliandaa msafara wa kisayansi kuja Mlima Kenya. Wenzake walikuja kwa ajili ya mimea na wadudu. Allison, ambaye bado alikuwa mwanafunzi, aliomba kazi tofauti: kukusanya damu za watu wa jamii mbalimbali za Kenya ili kupima makundi ya damu na alama nyingine za urithi.

Miongoni mwa alama hizo alitaka kujua ni watu wangapi walio na hali ya selimundu. Kwa kawaida chembe nyekundu za damu ni duara. Kwa mwenye selimundu, chembe hizo hujikunja mfano wa mundu wa kuvunia pale hewa ya oksijeni inapopungua. Aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa mzima kwa sehemu kubwa. Aliyeirithi kutoka kwa baba na mama pia huwa mgonjwa: maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu wa kila mara na, katika miaka hiyo, kifo cha mapema utotoni.

Allison alizunguka nchi akichovya vidole kwa sindano na kutazama matone ya damu kwa hadubini. Alipopanga hesabu zake, aliona mchoro wa ajabu. Pwani, upande wa Mombasa, na magharibi, upande wa Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni ya selimundu. Nyanda za juu za katikati ya nchi, ikiwemo Nairobi na viunga vyake, hawakufikia hata mmoja katika 100.

Hesabu hizo hazikulingana na lugha wala ukoo. Watu wa pwani na wa ziwani ni wa asili tofauti na lugha zao hazifanani, lakini walishiriki alama moja katika damu. Walishiriki pia kitu kingine: mbu wa malaria. Kule juu kwenye baridi mbu hao walikuwa haba, na selimundu nayo haba.

Hapo Allison alipata fununu ya jibu la fumbo lililowashinda wengi. Kama jeni ya selimundu inaua watoto, mbona haijatoweka baada ya vizazi vingi? Aliwaza kwamba anayebeba jeni moja hupata kinga dhidi ya malaria. Jeni hiyo inapowaua wachache waliorithi mbili, inawaokoa wengi waliorithi moja, na ndiyo maana inadumu.

Hakuwa mtu wa kwanza kuhisi uhusiano huo. Mwaka 1946 daktari E.A. Beet aliyekuwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, alikuwa ameona kuwa wenye selimundu walikuwa na vimelea vichache vya malaria. Lakini dhana ni kitu kimoja na ushahidi ni kingine, na Allison alilazimika kwanza kurudi Oxford kumaliza udaktari wake.

Jaribio lililozua ubishi

Alirejea Afrika Mashariki mwaka 1953. Karibu na Kampala alipima watoto 290 wa Kiganda. Kati ya 43 waliokuwa na jeni ya selimundu, 12 walikutwa na vimelea vya malaria, yaani takriban asilimia 28. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, 113 walikuwa na vimelea, karibu asilimia 46.

Hakutosheka. Aliwapata wanaume 30 wa jamii ya Waluo waliokubali kujitolea, wote wakiwa wameishi mbali na maeneo ya malaria kwa muda usiopungua mwaka mmoja na nusu. Kumi na watano walikuwa na jeni ya selimundu na 15 hawakuwa nayo. Wote waliambukizwa malaria kwa makusudi, kisha damu yao ikafuatiliwa kwa siku kadhaa kabla ya kupewa dawa.

Matokeo yalizungumza yenyewe. Katika kundi lisilo na jeni hiyo, wanaume 14 kati ya 15 walipatikana na vimelea. Katika kundi lenye jeni hiyo, walipatikana wawili tu.

Jaribio la namna hiyo lisingepita leo mbele ya kamati yoyote ya maadili ya utafiti bila maswali mazito. Kumtia mtu mzima malaria kali, katika nchi iliyotawaliwa na wageni na iliyokuwa chini ya hali ya hatari, ni jambo linaloacha doa la swali: ridhaa yao ilikuwa huru kiasi gani? Majina ya wanaume hao 30 hayasomwi katika vitabu vya historia ya tiba. Jina la daktari ndilo linalosomwa.

Allison alipima pia karibu watu 5,000 wa makabila zaidi ya 30 ya Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1954 akachapisha mfululizo wa makala yaliyoeleza hoja yake. Mapokezi hayakuwa mazuri. Baadhi ya wataalamu waliona ni hadithi tamu mno kuwa kweli, na wengine waliojaribu kurudia jaribio lake hawakupata matokeo yaleyale.

Wakati ndio uliomtetea. Utafiti uliofanywa Asembo, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watoto wachanga wenye jeni moja ya selimundu walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wenzao katika miezi ya hatari zaidi ya malaria. Watafiti wa Kilifi nao walitoa ushahidi kama huo mwaka 2005. Leo hoja ya Allison hufundishwa katika vyuo duniani kote kama mfano ulio wazi kuliko yote wa namna maradhi yanavyoweza kuunda urithi wa binadamu.

Damu ya mtu mwingine

Kazi ya selimundu ndiyo iliyomjengea Allison jina. Iko nyingine isiyojulikana sana, nayo inamgusa kila aliyewahi kuongezewa damu.

Katika miaka ya 1950 alikutana huko Oxford na daktari kijana kutoka Marekani, Baruch Blumberg. Wawili hao walivutiwa na swali moja. Ilikuwa imefahamika tangu Karl Landsteiner atangaze makundi ya damu mwaka 1901 kwamba chembe nyekundu za watu hutofautiana. Je, maji ya damu, ile sehemu ya rangi ya manjano inayobaki baada ya chembe kuondolewa, nayo hutofautiana?

Walikusanya damu kutoka Uingereza, kwa Wabasque wa Uhispania na kutoka Nigeria, wakachunguza protini iitwayo haptoglobini, ambayo kazi yake ni kuikamata himoglobini inayomwagika chembe nyekundu zinapopasuka. Mwaka 1958 walichapisha matokeo yao. Aina za protini hiyo zilitofautiana kutoka jamii hadi jamii, na miongoni mwa Wanigeria wengi walikutwa hawana kiasi chake kinachopimika.

Kutoka hapo lilizuka wazo jipya. Ikiwa protini za maji ya damu hutofautiana, basi mgonjwa aliyeongezewa damu mara nyingi amekutana na protini ambazo mwili wake haukuzirithi. Mwili ni kama mwenye nyumba: mgeni asiyemjua humtilia shaka. Huenda basi mgonjwa huyo ametengeneza kingamwili, askari wa mwili, dhidi ya protini hizo ngeni.

Katika majira ya joto ya mwaka 1960 Allison alisafiri hadi maabara ya Blumberg katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Walichukua maji ya damu ya wagonjwa waliotiwa damu mara nyingi, wakayakutanisha na maji ya damu ya watu wengine ndani ya utando wa ute mzito. Palipokuwa na ugomvi kati ya kingamwili na protini, mstari mweupe ungejitokeza katikati.

Majaribio ya kwanza hayakuonyesha kitu. Kisha mgonjwa mmoja akawapa walichokitafuta. Maji ya damu yake yaligombana na ya watu wengi, na ugomvi huo ulitokana na protini inayobeba mafuta katika damu. Mwaka 1961 walitangaza kwamba mtu anayeongezewa damu anaweza kujenga kinga si dhidi ya chembe nyekundu pekee, bali hata dhidi ya maji yanayozibeba.

Blumberg aliendelea na njia hiyohiyo. Mwaka 1963 maji ya damu ya mgonjwa wa hemofilia aliyetiwa damu mara nyingi yaligombana na ya mtu mmoja wa jamii ya wenyeji wa asili wa Australia. Kilichoonekana hakikuwa protini ya urithi. Baada ya miaka michache kilitambuliwa kuwa sehemu ya virusi vya homa ya ini aina ya B. Tangu hapo damu ya kutolewa ilianza kupimwa virusi hivyo, chanjo ikapatikana, na tangu mwaka 2001 watoto wachanga wa Kenya wamekuwa wakiipata katika chanjo zao za kawaida.

Mwaka 1976 Blumberg alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Allison, aliyekuwa naye mlango ulipofunguliwa, hakuwa miongoni mwa waliotunukiwa.

Nani yuko hatarini

Kingamwili walizozigundua wawili hao si zenyewe zinazoleta mzio wa ghafla wakati wa kuongezewa damu. Lakini ugunduzi wao ulisaidia kuonyesha kwamba maji ya damu si chombo kitupu cha kubebea chembe. Ndani yake mna vitu ambavyo mwili wa mgonjwa unaweza kuvikataa, na madaktari wa baadaye waliifuata njia hiyo hadi kufahamu nani yuko katika hatari zaidi.

Mzio wa damu mara nyingi ni mdogo. Mgonjwa huanza kuwashwa, ngozi hufura vipele, macho au midomo huvimba kidogo. Hutokea damu ikiwa inaingia au katika saa chache baadaye. Mara chache sana huwa mkali: pumzi hukata, kifua hubana, shinikizo la damu hushuka ghafla, na mgonjwa huweza kufa asipotibiwa mara moja.

Hatari ya kwanza iko katika kile anachotiwa mgonjwa. Anayepewa maji ya damu au chembe za kugandisha damu hupata mzio mara nyingi zaidi kuliko anayepewa chembe nyekundu, kwa sababu chembe nyekundu huandaliwa zikiwa zimebaki na maji kidogo tu.

Ya pili ni historia. Aliyewahi kupata mzio wa damu anaweza kuupata tena, na anayeongezewa damu mara kwa mara hukutana na vitu vigeni mara nyingi zaidi. Mtu mwenye asili ya mizio, kama ya vyakula au chavua, naye huonekana kuwa katika hatari kubwa kuliko mwingine. Watoto huathirika zaidi kuliko watu wazima.

Ya tatu ni upungufu wa kurithi. Wapo watu wachache ambao miili yao haitengenezi kingamwili iitwayo IgA. Baadhi yao hujenga askari dhidi ya IgA ya mtoa damu na kupata mshtuko mkali. Na hapa haptoglobini inarudi katika hadithi hii. Miongo kadhaa baada ya utafiti wa Allison na Blumberg, wataalamu wa Japani waligundua kwamba watu waliozaliwa bila kabisa protini hiyo wanaweza kupata mzio wa hatari wanapotiwa damu yenye nayo. Hali hiyo ya kuzaliwa huonekana zaidi Asia ya Mashariki. Ni tofauti na ile iliyoonekana Nigeria, ambako protini huisha kwa muda kwa kuwa malaria na maradhi mengine hupasua chembe nyekundu na kuitumia yote.

Hatari ya nne inatoka kwa mtoa damu. Chakula alichokula au dawa aliyotumia inaweza kuacha chembechembe katika damu yake, nazo zikamdhuru mpokeaji ambaye mwili wake hauzivumilii.

Tiba huanza kwa kitendo rahisi: kusimamisha damu mara dalili zinapoonekana, huku njia ya mshipani ikiachwa wazi, na kumwita daktari. Vipele vidogo hutulizwa kwa dawa ya mzio. Mshtuko mkali huhitaji adrenalini bila kukawia. Aliyewahi kupata mshtuko kama huo anaweza siku nyingine kupewa chembe zilizooshwa ili kuondoa maji ya damu. Desturi ya kumpa kila mgonjwa dawa ya mzio kabla ya kumwongezea damu haijathibitishwa kuwa na manufaa kwa yule ambaye hajawahi kudhurika.

Kwa mgonjwa wa selimundu liko tatizo jingine linalochanganywa na mzio. Kwa kuwa huongezewa damu mara nyingi, mwili wake unaweza kujenga kingamwili dhidi ya alama ndogondogo za chembe nyekundu, nje ya makundi ya A, B na O. Baada ya hapo kila chupa mpya ya damu huwa ngumu kuipata, na inayokosewa huharibiwa na mwili siku chache baadaye. Damu inayotoka kwa watu wa asili inayokaribiana na yake hupunguza hatari hiyo. Jeni ambayo Allison aliikuta ikiwakinga wengi ndiyo hiyohiyo inayowafanya wachache waitegemee damu ya wengine.

Kurudi Kabete

Nchini Uingereza Allison alifanya utafiti kwa miaka mingi katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba iliyokuwa Mill Hill, London, kisha katika kituo cha utafiti cha Northwick Park. Lakini Kenya haikumtoka moyoni. Mwaka 1978 alirejea Nairobi kuwa mkurugenzi wa maabara ya kimataifa ya utafiti wa maradhi ya mifugo, iliyojulikana kwa ufupi kama ILRAD.

Maabara hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikuwa Kabete, upande uleule wa magharibi mwa jiji alikosomea utotoni. Kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta kinga dhidi ya ndigana na nagana, maradhi yanayoangamiza ng'ombe na kuwafukarisha wafugaji wa Afrika. Yote mawili husababishwa na vimelea vinavyoishi katika damu na tezi za mnyama, na kwa hiyo swali lilikuwa lilelile alilolibeba tangu mwaka 1949: kwa nini baadhi ya miili hustahimili pale mingine inaposhindwa?

Alikaa huko hadi mwaka 1980. Katikati ya miaka ya 1990 ILRAD iliunganishwa na kituo kingine cha mifugo na kuwa ILRI, taasisi ambayo bado ina makao Nairobi.

Dawa ya waliopandikizwa figo

Baada ya Kabete alihamia California, Marekani, kufanya kazi na kampuni ya dawa ya Syntex pamoja na mkewe, Elsie Eugui, mtafiti mzaliwa wa Argentina. Walitaka kuutuliza mwili unapokataa kiungo cha mtu mwingine, bila kuudhuru kwa ujumla.

Walianza na watoto wagonjwa. Wapo watoto waliozaliwa na kasoro ya kimeng'enya kimoja inayoiua kinga yao ya mwili, na wapo wenye kasoro katika njia nyingine ya karibu ambao kinga yao hubaki salama. Kwa kulinganisha hali hizo mbili, Allison na Eugui walitambua mlango mmoja ambao ukifungwa, askari wa mwili hushindwa kuongezeka huku chembe nyingine zikiendelea na kazi.

Dawa iliyotokana na fikra hiyo, mikofenoleti mofetili, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1995. Hutumiwa na waliopandikizwa figo, moyo au ini, na pia na baadhi ya wagonjwa ambao kinga zao hushambulia miili yao wenyewe. Wakenya walio na figo walizopewa na ndugu zao ni miongoni mwa wanaoinywa kila siku.

Ukiitazama kazi yake yote, utaona uzi mmoja. Malaria, damu ya kuongezewa, mifugo na figo ya kupandikizwa, vyote vilimrudisha kwenye swali la mwili kumpokea au kumkataa mgeni.

Deni kwa watoa damu

Jumamosi ya Septemba 21, 2013 watu wenye silaha walivamia jengo la maduka la Westgate, Westlands, na kuua watu 67. Majeruhi walikimbizwa katika hospitali za jirani. Siku zilizofuata wakazi wa Nairobi walipanga foleni ndefu kutoa damu. Walikuwamo Waafrika, Wahindi na Wazungu, Waislamu, Wakristo na Wahindu, na aliyelazwa hakuuliza chupa iliyoning'inia juu ya kitanda chake ilitoka kwa nani.

Yote hayo yalitokea mwendo mfupi tu kutoka shule iliyomfunza Allison katika siku ambazo watoto wa jiji hilohilo walitenganishwa kwa rangi zao.

Miezi mitano baadaye, Februari 20, 2014, Anthony Allison alifariki dunia nyumbani kwake California akiwa na umri wa miaka 88.

Ameacha somo lenye pande mbili. Damu hutuunganisha, maana mtu wa pwani, wa ziwani na wa milimani wanaweza kuokoana. Damu pia hututofautisha kwa namna ndogo zisizoonekana kwa macho, na anayepuuza tofauti hizo wodini anaweza kuua akidhani anaponya. Ndiyo maana mgonjwa hupaswa kumwambia daktari kila mara aliyowahi kutiwa damu na lililompata, na muuguzi hupaswa kumkagua katika dakika za kwanza chupa inapofunguliwa.

Na lipo deni. Elimu hiyo ilijengwa juu ya damu za watu wa Mombasa, Kisumu, Kampala na vijiji vya Tanganyika, waliotoa vidole vyao kuchomwa sindano na ambao hakuna sanamu iliyosimamishwa kwa heshima yao. Watoto wengi wenye selimundu leo ni wajukuu na vitukuu wa watu kama hao. Kuwapatia damu salama, iliyopimwa na kulinganishwa vyema, ni njia mojawapo ya kulilipa.